Tupeane uzoefu: dirisha la kanisani ambalo halijakutoka kichwani

Binti wa Kigango: Jana misa ya kwanza jua lilipochomoza, benchi letu lote likawa bluu na nyekundu. Nikamkumbuka bibi, alikuwa akisema, "Leo Mama Maria kanikalia mapajani." Wenye vioo vya rangi makanisani kwenu, leteni visa.

Sauti ya Tatu: Kwaya yetu tuligombania benchi hilo. Ikifika saa nne linakuwa jiko.

Manati: Naungama. Darasa la sita, shule ya bweni, maembe yameiva nyuma ya kanisa. Nikavuta manati, embe hata halikutikisika, nikasikia chwaa! Dirisha la Mtakatifu Petro, lile la funguo mkononi na jogoo miguuni. Jiwe lilimpata jogoo. Padre akaniuliza, ni wewe? Si mimi, Padre. Ulikuwa na nani? Sikuwepo. Akanishika mkono mpaka chini ya tundu, akauliza tena. Nikakana. Hakunichapa. Alisema tu, "Bahati yako huyu hawezi tena kuwika." Usiku ule sikulala.

Wakaziba kwa kioo cheupe cha kawaida. Mwaka uliofuata akafariki mwalimu wetu wa hesabu, jeneza likawekwa upande ule. Rangi zikalifunika lote isipokuwa doa jeupe, kama kiganja hivi, juu ya msalaba. Nilitoka nje kabla ya mahubiri.

Sauti ya Tatu: 😭😭

Mzee Mbishi: Unatunga. Kukana mara tatu mbele ya jogoo wa Petro? Injili nzima kwa jiwe moja!

Manati: Usipoamini shauri yako, mzee.

Neno Tupu: Mnasujudia vioo. Someni Kutoka 20:4.

Mama Katekista: Nani kasujudu? Zamani watu hawakujua kusoma, vioo ndivyo vilikuwa Biblia yao. Sainte-Chapelle kule Paris, iliyotabarukiwa 1248, ina madirisha 15 yenye picha 1,113. Mengi unaanza kuyasoma chini ukipanda juu.

Mzee Mbishi: Mama, kile kilikuwa kikanisa cha Mfalme Louis wa Tisa, alikijenga aweke Taji la Miiba. Maskini gani aliingia mle kusoma?

Mama Katekista: Haya, umeshinda. Picha zipo lakini.

Niko Alabama: Huku Birmingham, Marekani, kuna kanisa la Wabaptisti wa 16th Street. Tarehe 15 Septemba 1963 wabaguzi wa rangi walilipua bomu, wasichana wanne wakafa. Dirisha moja la Kristo lilibaki limesimama, uso wake tu ndio uliotoka. Wananchi wa Wales wakachanga dirisha jipya, mchango mkubwa kabisa nusu krauni, sarafu ya zamani ya Uingereza, asitokee tajiri wa kulilipia peke yake. Msanii John Petts akamchora Kristo mweusi: mkono mmoja unasukuma chuki, mwingine unasamehe. Chini kuna maneno ya Mathayo 25. Nilikaa mbele yake nikashindwa hata kupiga picha.

Neno Tupu: Hilo la Mathayo sina neno.

Sauti ya Tatu: Jamani, kigangoni kwetu kipande kimoja kimelegea, kinagongagonga upepo ukivuma. Tufanyeje?

Mzee Mbishi: Gundi ya silikoni, dakika tano.

Fundi Vioo: Usithubutu! Vipande vinashikwa na fito za madini ya risasi, nazo huchoka. Fundi anatoa paneli nzima, anabadilisha risasi na kulehemu upya. Na msisugue kwa stilwaya. Rangi ya kioo chenyewe imo ndani, bluu hutokana na kobalti iliyoyeyushwa nacho, lakini macho na mikunjo ya nguo vimechorwa juu kisha vikachomwa tanurini. Nimeona Yohane amebaki hana pua.

Niko Alabama: Wekeni wavu nje.

Fundi Vioo: Wavu unatia kivuli. Kateni mwembe.

Sauti ya Tatu: Mwembe hatukati 😂

Binti wa Kigango: Manati, yule padre uliwahi kumwambia ukweli?

Manati: Tulipomaliza darasa la saba alinirudishia manati yangu. Sikuwahi kumwambia ilikuwa yangu.