Naomba ushauri: tuzo kwa wahudumu wa afya ya jamii, tutumie vigezo gani?

Ndugu zangu, salaam. Nimo kwenye kamati ndogo inayoandaa tuzo kwa waelimishaji wa afya na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kwenye vigezo tumekwama.

Wenzangu wanataka tuhesabu: nyumba zilizotembelewa, mikutano iliyofanyika. Mimi nasita. Mwaka jana tulifanya hivyo hivyo, akashinda mwenye ripoti nono, huku mama mmoja aliyekaa miezi kadhaa akiibembeleza familia moja tu hadi ikakubali watoto wachanjwe hakutajwa popote. Kazi yake haikuwa na nafasi kwenye fomu. Roho iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Lingine: tumtuze mtu mmoja au kundi? Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliwatuza kwa pamoja wahudumu wa afya ya jamii wa India waitwao ASHA, wanawake zaidi ya milioni moja. Wazo nalipenda, ila naogopa heshima ya wote isije ikawa haimgusi yeyote.

Na zawadi? Wengi wao wanajitolea bila mshahara, kwa hiyo kuwapa cheti kitupu naona haya. Nafikiria fedha taslimu au kuwalipia mafunzo.

Mliowahi kusimamia jambo kama hili, mlipataje ushahidi wa kazi isiyohesabika? Wanajamii wapige kura wenyewe, au ushindi utaishia kwa mwenye ndugu wengi? Majina yanatakiwa mwisho wa mwezi huu.