Ringi za kaboni kwenye mbio za baiskeli za chipukizi: zipigwe marufuku au ziachwe?

Mkata Upepo (Nairobi), mwanzisha mada

Klabu yetu ina kikao mwezi ujao na ajenda moja imeshatugawa kabla hata hatujakaa. Pendekezo ni kwamba kwenye mbio za walio chini ya miaka 19, ringi zote ziwe za aluminiamu na kina chake, yaani kimo cha ukuta wa ringi kutoka tairi kuelekea katikati ya gurudumu, kisizidi milimita 30. Kaboni, yaani ringi za nyuzi nyepesi zilizogandishwa kwa gundi, ibaki nyumbani. Wanaolileta wanasema watoto wa wenye nazo wanakuja na magurudumu ya kina cha 50 yanayovuma kama mzinga wa nyuki, na wengine wanakuja na ringi iliyonyooshwa na fundi mara nne.

Napinga. Kwenye tambarare, kwa kilomita 40 kwa saa, kati ya wati kumi unazokanyaga, nane au tisa zinaliwa na upepo. Muuzaji wa ringi za kina kirefu, zinazokata upepo, huanzia hapo na kuishia hapo. Hasemi kwamba upepo huo kwa sehemu kubwa unakupiga wewe mwenyewe: kifua, mabega, kichwa. Mtoto aliyekaa wima, jezi inapepea kama bendera ya shule, hata umpe ringi za bingwa Pogačar atapitwa na aliyeinama vizuri kwenye aluminiamu. Uzito nao? Chukua mtoto ambaye yeye na baiskeli yake ni kilo 70, umpunguzie gramu 400 kwenye magurudumu. Hiyo ni kama nusu asilimia. Kwenye mlima wa dakika 20 ameokoa sekunde saba hivi. Na msiniletee ile ya gramu ya ringi kuwa sawa na gramu mbili za fremu. Inakaribia ukweli unapochomoka kwa kasi tu. Ukishashika mwendo mlimani, gramu ni gramu.

Seti ya kaboni ya bei ya chini kutoka Uchina ni dola mia nne au mia tano kabla ya ushuru, na majina makubwa yanapita 2,000. Kwa sehemu ndogo ya pesa hiyo unapata tairi mbili laini, jezi inayobana, na fundi wa kukupimia kiti na usukani. Tuwafundishe wazazi hesabu hii. Marufuku itawafanya waamini kwamba ringi zina uchawi.

Mama Pedali (Nakuru)

Hesabu zako sina ugomvi nazo. Ila kama ringi hazina maana, mbona wewe unazo? Picha tumeziona.

Mimi huwapeleka watoto kumi na wawili kwenye mbio kwa matatu, baiskeli juu ya keria. Najua yupi atakata tamaa kabla ya filimbi, kwa sababu huwa anaangalia magurudumu ya jirani, haangalii barabara. Sekunde saba hazijui. Anachojua ni kwamba yule ana kitu na yeye hana. Na mzazi akishaona hivyo anakimbilia sacco kukopa. Nimeshamzuia mmoja kwa maneno, sitaweza kuwazuia wote.

Kanuni ya vifaa si jambo geni. Japani wana keirin, mbio za baiskeli za uwanjani, tangu 1948, na watu huweka dau la pesa. Wanaume kwenye mbio zao za kawaida hupanda fremu za chuma na vifaa vilivyoidhinishwa, ringi za spoku 36. Miaka yote hiyo viwanja havijakosa watu kwa sababu ya kukosa kaboni.

Fundi Spoku (Eldoret)

Mimi ndiye nanyoosha hizo ringi mara nne, kwa hiyo nisikilizwe kidogo.

Mmesahau breki. Baiskeli nyingi za vijana wetu bado zinashika kwenye ringi. Aluminiamu ikipata joto inalitawanya. Kaboni inalishikilia palepale, gundi iliyofunga nyuzi zake inalainika, na ukuta wa ringi unaanza kuvimba. Sasa mteremshe mtoto mwoga kutoka Iten hadi bonde la Kerio, zaidi ya mita 1,000 za kushuka, vidole havijaachia breki hata kona moja. Mwenye breki za diski, zinazobana kisahani cha katikati ya gurudumu, hana shida hii. Mwenye breki za ringi, mimi kaboni simfungii, hata akilipa mara mbili.

La pili linanitisha zaidi. Ringi nyingi mpya hazina ule mdomo wa ndani wa kushika tairi. Ukomo wake wa upepo wa tairi ni bar 5, yaani psi 72 na kidogo, na lazima tairi iwe ya aina iliyoidhinishwa na yenye upana unaotakiwa. Vijana wetu wamefundishwa kujaza psi 110 mpaka tairi ilie ukiigonga. Februari 2024 tairi ya Mbelgiji Thomas De Gendt ilitoka kwenye ringi ya aina hiyo katika mbio za UAE Tour akaanguka. Huyo ni mtaalamu, nyuma yake kuna gari la timu na mafundi. Nyuma ya kijana wetu kuna bodaboda.

Na mitumba! Mwaka jana niliwekewa mezani ringi ya kaboni yenye ufa uliopakwa rangi nyeusi juu. Aliyeiuza aliapa kwamba ni mkwaruzo. Nikaigonga kwa sarafu kuizunguka yote. Ilipofika pale mlio ukafa.

Mtoto wa Kusi (Mombasa)

Huku pwani hatuhitaji kikao. Ringi ya mbele ya kina cha 50 wakati wa kusi ni tanga la jahazi, na mtoto wa kilo 45 hana uzito wa kulizuia. Mimi mtu mzima, kwenye daraja la Mtwapa lori lilinipita, upepo ukakatika ghafla nikiwa nimeuegemea, kisha ukarudi wote kwa mpigo. Nilijikuta katikati ya barabara. Sasa natumia 35 mbele na 50 nyuma, maana la nyuma haligeuzi usukani. Haya, endeleeni na sekunde zenu.

Mkata Upepo

Mama, umenishika. Ninazo, nimezinunua nikiwa na miaka 41 na jukwaani hazijanifikisha. Mlio wake ndio nilioulipia.

Ila Mtoto wa Kusi amenikumbusha jambo. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko yake kwa takriban sehemu moja ya sita. Iten ni kama moja ya tano. Ringi inayomwokolea wati 6 Mombasa, kwa mwendo uleule hapa itaokoa 5. Ndiyo sababu Mbelgiji Eddy Merckx alipanda Mexico City mwaka 1972 kuweka rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu zaidi kwa saa moja peke yako: kilomita 49.431. Mwaka 2000 Mwingereza Chris Boardman, kwa baiskeli ya kizamani iliyolazimishwa na kanuni, alimpita kwa mita 10. Boardman huyohuyo mwaka 1996, kwa kaboni na mikono imenyooshwa mbele, alifika kilomita 56.375. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni mkao.

Mama Pedali

Asante kwa ushahidi. Waliposawazishiwa baiskeli, watu wawili waliopishana miaka 28 wametengana kwa mita 10. Hicho ndicho ninachotaka kwa watoto.

Mkata Upepo

Merckx alikuwa mlimani kwenye hewa nyepesi na Boardman Manchester, chini, Mama, hivyo hawakuwa sawa. Na kanuni yenyewe ilifutwa 2014.

Inzira (Kigali)

Mwaka 2025 tulisimama kwenye mlima wa barabara ya mawe wa Kimihurura, hapa Kigali, kutazama mashindano ya dunia. Wanaume kilomita 267.5, milima ya jumla ya mita 5,475, Pogačar akashinda. Tangu Januari 2026 UCI, chama cha baiskeli cha dunia, wameweka ukomo wa kina cha ringi kwenye mbio za kundi, ambazo wote huanza pamoja: milimita 65. Hawajagusa kaboni wala bei. Kwa nini nyinyi msiweke kina tu, tuseme 35, kwa sababu ya upepo, na breki kwa sababu ya Fundi? Kaboni ya diski yenye kina cha 35 itamdhuru nani?

Mdau wa Meru (Arusha)

Na nani atapima? Huku kwetu mwamuzi mmoja ndiye huyohuyo anayegawa maji.

Fundi Spoku

Ringi haijifichi. Kalipa ya kupimia, ya shilingi elfu mbili, inatosha, na sarafu ya shilingi kumi kwa ajili ya nyufa.

Mama Pedali

Pendekezo la Kigali linalinda mifupa. Macho ya yule mtoto pale mstarini haliyalindi. Bado nitapiga kura ya marufuku.

Mkata Upepo

Na mimi nitapinga, ila la kina cha 35 na breki za diski nitaliandika mwenyewe lisomwe kwanza. Fundi, njoo na kalipa.

Mama Pedali

Na wewe njoo na zile ringi zako za aluminiamu zinazolala stoo. Kuna kijana wangu wa miaka 16 ana ya nyuma yenye spoku tatu pungufu.