Naomba ushauri: tunasaini dawa zimepokelewa, mgonjwa anaambiwa zimeisha

Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana nimekwama. Nimechaguliwa na wananchi kwenye kamati ya kituo cha afya cha serikali, sasa kila dawa zikiletwa tunaitwa tusaini kwamba tumepokea, maboksi tunayaona kwa macho kabisa ila haipiti wiki mgonjwa anaambiwa akanunue nje. Juzi nikaomba leja ya stoo (daftari la dawa zinazoingia na kutoka) nilinganishe na rejesta ya wagonjwa, mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, akanijibu eti hayo ya kitaalamu hayanihusu. Hayanihusu vipi wakati sahihi yangu ipo pale?? Kikao kijacho wanataka tupitishe taarifa ya robo mwaka na mimi sitaki kusaini nisichokielewa, ila pia naogopa kumchafua mtu bure, labda kweli zinaletwa chache na wagonjwa ni wengi. Mliowahi kukaa kwenye hizi kamati, nidai tuhesabu stoo kwanza au niandike moja kwa moja kwa mkaguzi? Na nikigoma kusaini, sababu ziandikwe kwenye muhtasari wa kikao au ninyamaze tu?