Sarafu za kibubu: mashine ya dukani, benki, au kufunga mwenyewe?

BintiPangani (Columbus, Ohio)
Wakuu, habari za majukumu. Mimi na mwanangu tumekuwa tukitumbukiza chenji kwenye dumu tangu 2022. Sasa limejaa, mtoto halinyanyui tena. Nilimwahidi baiskeli kwa hela hiyo, kwa hiyo kila senti nina uchungu nayo. Naona njia tatu: mashine ya kuhesabu sarafu ya Coinstar pale mlangoni supamaketi, benki, au nikae chini nihesabu mwenyewe. Benki yangu hawapokei sarafu za kumwaga, wanataka zilizofungwa kwenye karatasi. Waliopitia haya nisaidieni, hasa kwenye makato.

DerevaDallas
Dada, mashine ndiyo rahisi kuliko zote. Unamwaga kwenye sinia, unainua, sarafu zinateleza ndani, dakika chache umemaliza. Inatoa karatasi, unaipeleka kwa keshia siku hiyo hiyo anakupa noti. Mimi naendesha kuanzia alfajiri, muda wa kupanga senti sina.

MamaSwalehe
Rahisi ndiyo, ila mwambie na bei yake. Ukitaka pesa taslimu wanakata zaidi ya asilimia 12, na kiwango kinabadilika duka kwa duka. Tufanye ni 12.5: kwenye dola 200 umeacha dola 25 mlangoni. Hiyo kwa mama yangu Muheza ni hela ya mboga wiki nzima. Makato yanaonyeshwa kwenye skrini kabla hujamwaga, soma kwanza.

Kuna njia ya kuyakwepa: chagua kadi ya zawadi badala ya taslimu. Kwa kadi nyingi hawakati kitu, unapata thamani yote. Lakini chagua kadi ya duka ambalo ungenunua kwao hata bila kadi, usije ukanunua usichohitaji.

MzeeWaNansio
Wanangu, nimefanya kazi ya keshia hapa Marekani miaka mingi, niruhusuni nieleze. Usilichukulie dumu zima kama kitu kimoja. Tenganisha. Thamani kubwa iko kwenye kwota, zile za senti 25. Karatasi za kufungia benki nyingi huwapa wateja wao bure, ulizia dirishani. Kwota zinaingia 40, inakuwa dola 10. Za senti kumi zinaingia 50, dola 5. Za senti tano 40, dola 2. Za senti moja 50, unapata nusu dola tu kwa jasho lile lile. Kwa hiyo funga kwota na senti kumi kwa mkono, hizo ndogo zipeleke mashine.

Na kabla hujaanza, pima. Pauni moja ya uzito ya kwota ni dola 20. Pauni moja ya senti kumi nayo ni dola 20 hiyo hiyo, kwa sababu uzito wake unalingana na thamani. Zichanganye upendavyo, weka kwenye mizani, zidisha kwa 20. Utajua ulichonacho kabla mtu hajakuhesabia.

BintiPangani
Shikamoo mzee. Hili la mizani sijawahi kulisikia! Nalifanya leo.

MzeeWaNansio
Marahaba mwanangu. Ni muhimu, maana mashine nazo hukosea. TD Bank walikuwa na mashine zao matawini, wakaziondoa 2016 baada ya kuripotiwa kwamba zinahesabu pungufu.

Kijana_Saccos
Mmesahau vyama vya kuweka na kukopa, vile vinavyofanana na saccos zetu. Baadhi yao wana mashine ya sarafu ukumbini na mwanachama hakatwi chochote, pesa inaingia kwenye akaunti. Piga simu matawi ya karibu yako uulize. Kwangu hiyo ndiyo namba moja, inaishinda hata kadi ya zawadi.

DerevaDallas
Kwani hizi senti moja si zimefutwa?

MamaSwalehe
Hapana kaka. Wameacha kuzitengeneza. Za mwisho za matumizi ziligongwa Philadelphia Novemba 2025. Zilizopo bado ni pesa halali, hakuna haja ya kukimbizana.

BintiPangani
Mrejesho. Kwota na senti kumi zilisoma pauni nane na nusu, yaani dola 170. Tukafunga jioni mbili, mtoto anahesabu kwa sauti, mimi nafunga: kwota karatasi 14, senti kumi karatasi 6. Dola 170 kamili! Benki wamezipokea. Senti tano na senti moja tumepeleka kwenye mashine, dola 31 na senti 40, nikachukua kadi, hawakukata kitu. Ndiyo itakayonunua kofia ngumu ya baiskeli.

Mashine ilitema sarafu mbili. Moja ni shilingi 100 yetu, sijui iliingiaje humo. Nyingine ni ya senti kumi ya 1964.

MzeeWaNansio
Hiyo ya 1964 usiitumie dukani. Senti kumi na kwota za hadi mwaka huo ni madini ya fedha (silver) asilimia 90, thamani yake inazidi senti kumi kwa mbali. Siku nyingine angalia miaka kabla ya kufunga, na ukimaliza kwenye mashine pekua kile kikombe cha zilizokataliwa. Watu wengi huondoka bila kukitazama.