Tupeane uzoefu: R6, CBR600RR, ZX-6R au GSX-R600, ulichagua ipi na kwa nini?

Kona Kali
Wakuu, salaam. Leo kanipita mtu juu ya pikipiki ya cc 600, ule mlio wa silinda nne ukapanda mpaka nikasimama pembeni kuusikiliza. Nina hela ya pikipiki moja tu, iliyotumika, na kichwani zimebaki nne: R6 ya Yamaha, CBR600RR ya Honda, ZX-6R ya Kawasaki na GSX-R600 ya Suzuki. Karatasi za vipimo nimezisoma mpaka basi. Toa ile ZX-6R ya cc 636, nyingine zote ni cc 599, kipenyo cha silinda 67 mm, mwendo wa pistoni 42.5 mm. Sawa kwa sawa! Kwa hiyo karatasi haiwezi kunichagulia. Nataka walioishi nazo waseme. Ulichagua ipi, na siku mbaya ilikuwaje? Mashabiki wa rangi za chapa nao karibuni, ila mje na maelezo.

Gia Sita
Naweka kiti hapa. Na mimi niko kwenye hesabu hiyohiyo.

Kijani Tupu
636, uzi ufungwe. Kawasaki waliliona tatizo la 600 mapema, 2002 wakapandisha hadi cc 636. Baadaye wakaiacha, 2013 wakairudisha na mwendo wa pistoni 45.1 mm. Hizo milimita mbili na nusu unazisikia ukitoka kwenye kona na gia ya tatu bila kushusha. R6 hapo inasubiri sindano ya mizunguko ipite elfu kumi ndiyo iamke. Halafu 636 ya 2013 ilikuja na mfumo wa kuzuia gurudumu la nyuma kuserereka. R6 ikaupata 2017. GSX-R600 haikuwahi kuupata.

Bluu Asilia
Kijani, R6 haikutengenezewa mtu asiyetaka kushusha gia. Ile ni injini ya kuimbishwa. Tangu 2006 kompyuta ndiyo inayofungua vipepeo vya hewa, Yamaha ya kwanza ya barabarani kupewa hiyo. Ukiizoea juu ya elfu kumi na mbili hutaki kitu kingine. Na kama ni mashindano, ubingwa wa dunia wa Supersport, mbio za pikipiki za aina hii, kuanzia 2017 mpaka 2022 ni R6 kila mwaka. Nyie mlikuwa wapi?

Kijani Tupu
Kenan Sofuoglu, bingwa wa Supersport juu ya Kawasaki. 2012, 2015, 2016. Tulikuwa hapo. Na usisahau R6 yenu ya 2006, sindano ilikuwa inaonyesha mizunguko kuliko injini inavyozunguka kweli. Yamaha wenyewe walikiri, na Marekani wakajitolea kuzinunua tena kwa wateja.

Bluu Asilia
Walikiri. Kampuni ngapi zinakiri?

Bawa Jekundu
Huyo Sofuoglu mnayemgombania ubingwa wa 2007 na wa 2010 aliuchukua juu ya Honda. Na Moto2 yote, yale mashindano ya dunia ya daraja la chini ya MotoGP, kuanzia 2010 mpaka 2018, kila pikipiki kwenye mstari ilikuwa na injini iliyotokana na CBR600RR. Marquez alichukua ubingwa wa 2012 nayo. Injini imeteswa na madereva wa dunia nzima miaka tisa, mnataka ushahidi gani zaidi?

Dada Mwendo
Jamani, mwenye uzi mmemjibu? Hajasema anakwenda kushindana.

Mkuu Kona Kali, wewe urefu wako ukoje? Mimi ni mfupi, na hilo ndilo lililonichagulia. Kiti cha R6 ya miaka ya mwisho kiko milimita 850 kutoka chini. ZX-6R 830, CBR600RR 820, GSX-R600 810. Kwenye karatasi ni namba tu. Ukisimama kwenye mteremko, mguu wa kulia unatafuta ardhi na hauipati, pikipiki ya kilo karibu 190 inaanza kulala upande huo, ndipo utajua milimita 40 ni nini. Nilikalia zote nne nikiwa na buti zangu za safari, nikachukua GSX-R600, sijajuta. Imetulia kwenye kona, vikanyagio vinaweza kuhamishwa, na ina kile kinamba cha kukuonyesha uko gia ya ngapi. Wanaoidharau eti haina kompyuta za kisasa, sawa, ila toleo la 2011 lina kalipa za breki za Brembo na uzito wa kilo 187. Hilo si jambo dogo.

Na usikubali mtu akushushie pikipiki mbele tu kwa kusogeza shokapu kwenye vishikio vyake. Usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Ukishusha mbele, na nyuma ishuke kwa kiasi chake.

Gia Sita
Dada umenisaidia bila kujua. Asante sana.

Fundi Spana
Naongea kama mtu anayezifungua. Mnabishana chapa wakati pikipiki hizi zikifika mkono wa tatu chapa inakuwa jambo la mwisho. Angalia vizuizi vya usukani pale shingoni: geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia. Kizuizi kikiwa kimebonyea au kimemeguka, hiyo imeanguka vibaya, hata kama kava za plastiki zinang'aa. Kava mpya kabisa kwenye pikipiki ya zamani nazo ziulizie. Pitisha kidole kwenye nguzo za shokapu za mbele, ukikuta mafuta ujue sili zimekwisha. Inua gurudumu la mbele, geuza usukani taratibu. Ukihisi unanata katikati, au ukishika shokapu kwa chini ukavuta zikagonga, beringi za shingo hizo. Tairi soma tarakimu nne za mwisho pale ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba inaweza kuwa na kashata nzuri na bado imekuwa ngumu kama plastiki.

Na uliza kama valvu zimewahi kupimwa, na nani alipima. Kwenye injini hizi valvu ikihitaji kurekebishwa lazima kamshafti, ile mihimili inayosukuma valvu, zitoke. Ni kazi ya siku, si ya dakika. Wengi huuza pikipiki kazi hiyo inapokaribia.

Bluu Asilia
Fundi yuko sahihi kwa yote. Ila R6.

Njia Panda
Nilikuwa nasoma tu. Hiyo sentensi ya Fundi ya beringi za shingo imenifanya niweke simu chini kwanza.

Ilikuwa 600, mojawapo ya hizo nne, na sitaitaja, mtaona kwa nini. Niliinunua kwa mtu, safi, ina mlio mtamu. Barabara kuu, mchana, lami kavu. Napita lori refu, gia ya nne, mafuta nimevuta mpaka mwisho, kifua kiko juu ya tanki. Mbele ya pikipiki hizi ikiwa kwenye nguvu inakuwa nyepesi, wote mnajua. Tukavuka kiungo cha daraja, kile kimstari cha chuma kilichonyanyuka kidogo. Gurudumu la mbele likashuka likiwa limepinda nywele tu. Usukani ukaanza. Kushoto kulia kushoto kulia, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, unaona ukungu tu pale mikono yako ilipo. Vidole gumba vinagongwa kwenye tanki. Miguu ikatoka kwenye vikanyagio. Na muda wote huo lori liko pembeni yangu, tairi zake zinazunguka usawa wa bega, upepo wake unanivuta ndani. Nakumbuka nilisoma maandishi ya ubavuni mwa tairi. Sijui niliyasomaje.

Halafu ikatulia, kama mtu amezima swichi. Nikashukuru Mungu kwa sauti ndani ya helmeti. Mbele, magari yamepunguza mwendo, taa nyekundu zinawaka. Nikabana breki ya mbele. Mkono wa breki ukaja mpaka ukagusa mpini. Hakuna kitu! Si breki dhaifu, nasema hakuna. Nikaachia, nikapampu, nikapampu tena, ikaanza kujaa, nikasimama gurudumu la mbele likiwa kati ya magari mawili, dereva wa gari la kushoto ananiangalia dirishani.

Nilikaa chini pembeni ya barabara mpaka jua likabadilika. Kwa fundi ikaonekana: beringi za shingo zimelegea, na kuna kishikio kitupu cha dampa ya usukani, kile kifaa cha kuzuia usukani usitikisike, ambayo mwenye pikipiki wa kwanza aliinunua, akaifunga, kisha akaing'oa kabla ya kuuza. Alijua inatikisika. Alijua, akaniuzia, akanitakia safari njema.

Dada Mwendo
Pole sana kaka yangu. Mwili umenisisimka.

Gia Sita
Pole mkuu. Na breki ilipotelea wapi?

Fundi Spana
Ngoja nimsaidie. Gurudumu likitikisika vile, diski nazo zinacheza na kuzisukuma pedi kurudi ndani ya kalipa. Unapobana, mafuta yote ya ule mkono yanatumika kuzirudisha pedi mpaka zifike diski, ndiyo maana unagonga mpini. Mafuta ya breki yapo, hayajavuja popote. Dawa ni hiyo aliyofanya, kupampu. Baada ya mtikisiko wowote, hata mdogo, gusa breki ya mbele kidogo kabla hujaihitaji.

Kijani Tupu
Njia Panda pole, ila taja ilikuwa ipi. Mwenye uzi anataka kuchagua.

Njia Panda
Sitaji. Pikipiki haikuwa na kosa.

Bluu Asilia
Basi simulizi ni nusu. Watu watabaki wanahisi ni R6.

Njia Panda
Ndugu, nimesema beringi zilikuwa zimelegea na mtu alijua. Weka beringi hizo kwenye yoyote kati ya nne, itatikisika. Nikitaja, kesho mtaandika "fulani inaua watu" na mwenye kosa atauza nyingine.

Bawa Jekundu
Niko na Njia Panda. Asitaje.

Mzee Klachi
Wanangu, ikitikisika unafanyaje? Maana hilo hamjasema. Mimi nilifundishwa: ongeza mafuta, mbele inyanyuke, itulie.

Bluu Asilia
Mzee wangu shikamoo, lakini hapana. Achia mafuta taratibu.

Kijani Tupu
Shika kwa nguvu zote!

Fundi Spana
Shikamoo mzee, niruhusu mimi nikujibu, samahani. Kijani, ukishika kwa nguvu, mwili wako unakuwa sehemu ya mtikisiko. Legeza mikono, bana tanki kwa magoti, usifunge mafuta ghafla maana uzito wote utaangukia mbele, na breki ya mbele usiiguse mpaka itulie. Kuongeza mafuta kunaweza kusaidia kukiwa na nafasi mbele. Njia Panda hakuwa na nafasi.

Mzee Klachi
Marahaba wote. Nimekuelewa fundi.

Kona Kali
Wakuu, uzi umekuwa mzito, asanteni. Njia Panda, pole sana. Dada, mimi ni wa kimo cha kati, ila njia yangu ya kila siku ina foleni na milima. Kuna jamaa ananiambia niachane na 600 kabisa nichukue R7 ya Yamaha au CBR650R ya Honda.

Bluu Asilia
R7 si R6. Usichanganye.

Bawa Jekundu
Hajachanganya. R7 ina silinda mbili, cc 689, nguvu za farasi kama 73, na msukumo wake uko chini, pale pale unapoishi kila siku. Ila imeinamisha mgongo na kiti chake kiko 835, isimdanganye mtu kuwa ni pikipiki ya kustarehe. CBR650R ina silinda nne, ule mlio anaoutaka anaupata, nguvu karibu farasi 95, kiti 810. Uzito tu ndio umepanda, kilo mia mbili na kitu. Kwa foleni na milima mimi ningekwenda hapo kabla ya CBR600RR, na RR naipenda kuliko zote. Ile RR ekzosi yake imepita chini ya kiti, kwenye foleni la joto mapaja yanajua.

Dada Mwendo
Hapo umesema kama mtu mzima.

Gia Sita
GSX-8R ya Suzuki je? Cc 776, kiti 810.

Kijani Tupu
Nzuri, lakini silinda mbili hiyo nayo. Mtu alisimama pembeni kusikiliza nne. Kona Kali, nenda kaijaribu 636 kabla hujaamua. Ndiyo 600 pekee ambayo foleni haitakukera, nasema hili bila ushabiki.

Bluu Asilia
Bila ushabiki!

Kona Kali
Basi nimepunguza. Nina 636 moja ya kwenda kuangalia na CBR650R moja. R6 naitoa kwa sababu ya milima, Bluu usinichukie. GSX-R nikiipata iliyotunzwa kama ya Dada nitairudisha mezani.

Bluu Asilia
Sikuchukii. Ukihamia njia tambarare nitafute.

Fundi Spana
Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono kwenye injini kwanza. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini, kisha subiri ipoe ndiyo uiwashe mwenyewe, maana mlio wa tensha, yaani kikaza cheni ya kamshafti, husikika zaidi injini ikiwa baridi. Na nenda na mtu wa kukuinulia gurudumu la mbele.

Njia Panda
Kama kuna kishikio kitupu pale kwenye usukani, muulize kilikuwa kimeshika nini.

Mzee Klachi
Na buti, kijana. Kalia ukiwa umevaa buti.