Maridhiano Zanzibar: mkono wa 2009 na mkono wa 2020 ni kitu kimoja? Tujadili

Mpemba wa Tandika:
Asalaam alaykum wakuu. Naleta hoja nikijua nitatukanwa na pande zote mbili lkn poa tu. Tangu Oktoba 2025 Dk Mwinyi wa CCM atangazwe tena Rais wa Zanzibar na wapinzani wa ACT wayakatae matokeo, kila baraza nnayokaa swali ni moja, wapinzani waingie serikalini au wasiingie, na kila anaejibu anamtaja marehemu Maalim Seif, kiongozi wa upinzani wa miaka mingi, kama ushahidi wake. Anaetaka waingie anasema "mbona Maalim aliingia", asietaka anasema "Maalim aliingia akapata nini". Sasa Maalim aliwapa mkono mahasimu zake mara mbili, 2009 na 2020, na watu wanazichanganya. Mimi nasema ile ya kwanza ilikuwa maridhiano kweli, ya pili ilikuwa kugawana serikali tu, manake 2009 wananchi tuliulizwa na 2020 hakuna alietuuliza.

Vijana labda hamjui tulikotoka. 1995 Salmin Amour wa CCM katangazwa Rais na asilimia 50.2, Maalim 49.8, chama chake CUF wakagoma kumtambua, baada ya hapo Pemba ilifika hali watu hawazikani. Sisemi kwa mafumbo, hawazikani kweli, maiti inatolewa na wenye kadi ya chama chake tu, kuna duka la CCM na duka la CUF, kuna gari ya hawa na gari ya wale, harusi zimevunjika kwa ajili ya siasa. 1999 ukasainiwa Muafaka wa kwanza, mkataba wa amani wa CCM na CUF, chini ya Jumuiya ya Madola, ukabaki karatasi. 2000 uchaguzi ukafutwa majimbo 16 ya Mjini Magharibi, CUF wakasusia marudio, na tarehe 27 Januari 2001 watu wakaandamana wakapigwa risasi. Human Rights Watch walihesabu wafu wasiopungua 35, na watu kama elfu mbili wakapanda majahazi na ngalawa wakakimbilia Shimoni, Kenya, mara ya kwanza nchi hii inazalisha wakimbizi badala ya kuwapokea. Muafaka wa pili ukaja Oktoba mwaka ule ule. 2005 fujo tena. 2008 CCM wakakaa Butiama wakaja na habari ya kura ya maoni juu ya kugawana serikali, CUF wakaona wanazungushwa, mazungumzo yakafa. 2009 wakati wa kuandikisha wapigakura Pemba kukawaka tena kwa sababu ya vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi, asie nacho haandikishwi.

Halafu tarehe 5 Novemba 2009 tunasikia Rais Karume wa CCM na Maalim wamekaa Ikulu wawili peke yao, hakuna msuluhishi kutoka nje wala kikao cha chama Dodoma. Siku chache baadae Maalim kaenda kwenye mkutano viwanja vya Kibandamaiti kuwaambia watu wake sasa namtambua Karume, wakampigia kelele, watu wake mwenyewe hao! Lakini hakurudi nyuma. Ikaundwa kamati ya watu sita chini ya mzee Hassan Nassor Moyo, watatu huku watatu kule, na 31 Julai 2010 tukapiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja, asilimia 66.4 wakasema ndio. Oktoba uchaguzi, Dk Shein wa CCM 50.1 Maalim 49.1, kura elfu tatu na kitu tu. Mwaka mwingine wowote kwa tofauti ile watu wangelala msituni, mwaka ule Maalim na Shein walipeana mikono palepale Hoteli ya Bwawani matokeo yalipotangazwa na kesho yake watu wakaenda sokoni.

Ya 2020 linganisha mwenyewe. Maalim kapewa asilimia 19.87, ACT, chama alichohamia kutoka CUF, wanasema watu wao wameuliwa, Ismail Jussa, ambae alikuwa ndani ya ile kamati ya watu sita, kapigwa vibaya akalazwa hospitali, na Desemba tukaambiwa Maalim kaapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Februari 17 akafariki. Haya, uwanja wenu.

Kada wa Rahaleo:
Ndugu yangu umeandika vizuri ila hoja yako kuu haisimami. Unasema 2020 hamkuulizwa, kwani kura ya maoni ya 2010 ilikuwa ya uchaguzi mmoja? Ile kura ndo ilioweka Serikali ya Umoja wa Kitaifa ndani ya Katiba, mabadiliko ya kumi, imo mpaka kesho. Kila uchaguzi ukiisha chama cha pili kina haki ya nafasi yake, hakuna haja ya kumuuliza mtu tena. Ukitaka wananchi waulizwe kila miaka mitano basi sema hutaki Katiba.

Na jengine mnalisahau kila siku nyinyi wenzetu. Asilimia 66.4 walisema ndio, sawa, na theluthi moja waliosema hapana ni watu gani? Ni wazee wetu, watu wa mashamba ya Unguja, watoto wa Mapinduzi, walioona wanaambiwa wawape nusu ya serikali watu waliowaita majina yote mabaya miaka 15. Hao nani alikaa nao? Maalim alikwenda Kibandamaiti kwa watu wake, kwa hawa wetu hakuna alieenda kuwatuliza roho, waliambiwa tu chama kimeshaamua.

Mvita254:
Sisi wakenya tumeona hii sinema. 9 Machi 2018 Uhuru na Raila wakashikana mikono mbele ya Harambee House, jana yake watu wanarushiana mawe Kibra leo tunaambiwa ndugu. Amani ilikuja kweli, biashara Mombasa zikapumua, siwezi kudanganya. Lakini wakatuletea BBI, mpango wao wa kubadili Katiba, ambayo haikutoka kwetu, korti ikaipiga chini 2021 na Supreme Court ikamalizia Machi 2022. Na wale waliopoteza watoto kwenye vurugu za uchaguzi wa 2017 hakuna aliewaita kwa hiyo meza. Halafu Machi 2025 Raila na Ruto nao wakasaini yao, baada ya maandamano ya vijana yale. Kwa hivyo nyinyi angalau mlipiga kura, sisi tuliona kwa TV.

Tumechoka2:
viti tu hivo. mkono ni mkono kwenye kamera nyuma ya kamera kuna gari na mlinzi

Msaidizi wa Wakili:
Tumechoka2 hata hivo viti tuvitazame vizuri. Makamu wa Kwanza kwa mujibu wa Katiba ni mshauri mkuu wa Rais, anaeongoza shughuli za serikali ndani ya Baraza la Wawakilishi ni Makamu wa Pili ambae anatoka chama cha Rais. Maalim alipoingia 2010 ofisi yake ilibeba mazingira, watu wenye ulemavu, UKIMWI na dawa za kulevya. Ni kazi za maana hizo sizidharau, lakini hakuna hata moja inayogusa polisi, ardhi, masheha (wakuu wa mitaa) wala Tume ya Uchaguzi, na ugomvi wa Zanzibar wote upo kwenye hivo vinne. Umempa mtu chumba kizuri ila funguo za mlango wa nje zimebaki kwako.

Ndo maana 2015 serikali ya umoja haikuzuia chochote. Maalim ni Makamu wa Kwanza, yumo ofisini, na Jecha, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, anafuta uchaguzi mzima tarehe 28 Oktoba kwa tamko la kwenye tivii. Marudio ya Machi 2016 CUF wakasusia, Shein akapata asilimia 91 na ushei. Ukiwa ndani umeshindwa kuzuia lile, ndani kuna faida gani?

Kada wa Rahaleo:
Wakili na wewe umeruka kitu, Maalim alijitangaza mshindi kabla ya Tume. Na hio hasira ikafika wapi? Agosti 2016 kwenye mazishi ya Rais mstaafu mzee Aboud Jumbe, Dk Shein kampa mkono, Maalim kaukataa, msibani! Mbele ya jeneza! Magufuli alipokuja akasema wazi yeye angekuwa Shein asingemsainia hata mafao yake. Sasa kama kukataa mkono ndo haki, miaka minne baadae mkono uleule wa CCM umeupokea vipi?

Mpemba wa Tandika:
Kada hapo umenipa hoja mimi. Maalim 2016 aliukataa mkono kwa sababu alijua akiupokea tu magazeti yataandika yameisha, na hayajaisha. Msibani haikupendeza, nakubali hata wazee wetu walisema haikupendeza, lkn mkono kwenye msiba wa kiserikali una kamera 20 mbele yake, hio ni siasa si rambirambi.

Kuhusu Katiba, kifungu kimekaa pale kwa dhana kwamba kuna uchaguzi watu wameukubali. Ukiondoa hio dhana, kile kifungu kinageuka kuwa njia ya kumaliza malalamiko, fanya utakalo Oktoba halafu Desemba wape nafasi yao wanyamaze. Hapo ndo nasema tungeulizwa, si kura ya nchi nzima, hata mikutano ya matawi ya wazi watu waseme. Najua uongozi wa ACT ulikaa vikao, vikao vya viongozi si mimi.

Na wale waliofanya kazi ya 2009 kwa upande wenu mliwafanya nini? Mansoor Yusuf Himid mkamfukuza chama 2013. Mzee Moyo, waziri tangu siku za mwanzo za Mapinduzi, mkamfukuza 2015 na uzee wake. Hao ndo waliokuwa wakae na ile theluthi yako iliosema hapana. Angeenda nani, mimi?

Kada wa Rahaleo:
Walifukuzwa kwa kuhubiri Muungano wa mkataba kinyume na msimamo wa chama, si kwa maridhiano. Usichanganye.

Mpemba wa Tandika:
Haya sawa, sadfa.

Bint Chake:
Nimewasoma wote tangu jana usiku na naona mnabishana Maalim kafanya nini, Shein kafanya nini, kama vile waliogombana ni watu wanne. Mimi nakaa Pemba, sio Tandika sio Rahaleo, kaka zangu mnisamehe.

Mtoa mada unaisifu 2009 kwamba tuliulizwa. Tuliulizwa swali moja, mnakubali muundo mpya wa serikali, ndio au hapana. Hatukuulizwa habari ya 2001. Mjomba wangu ni mmoja wa waliovuka kwenda Shimoni, alirudi baadae kakuta shamba la mikarafuu limeshachumwa na ng'ombe hawapo, akaanza upya na umri ule. Tume ya Brigedia Mbita iliundwa kuchunguza mauaji yale, ikahoji watu, ikaripoti, na mpaka leo hakuna askari aliesimama kizimbani kwa risasi za siku ile. Mzee Mkapa, Mungu amrehemu, kaja kuandika kwenye kitabu chake cha 2019 kwamba mauaji yale ni doa kwenye uongozi wake. Miaka 18! Namshukuru alisema, wengine hawakusema kabisa. Lakini ile 5 Novemba mnayoililia nyinyi iliyapita hayo juu kwa juu, na yaliyopitwa 2009 ndo yaliyorudi 2015 na mazombi wao, wale wapiga watu waliofunika nyuso, na 2020.

Mpemba wa Tandika:
Dada yangu nakuelewa na mjomba Mungu amlipe. Ila fikiria, Karume ndie aliekuwa Rais wa Zanzibar Januari 2001. Maalim angeingia Ikulu na faili la 2001 mkononi kile kikao kingedumu dakika ngapi? Kungekuwa hakuna kura ya maoni, na 2010 tungezika tena. Mimi kwa 2010 peke yake naihesabu ile kazi kuwa ilifaa, uchaguzi pekee tangu 1995 watu walilala majumbani kwao.

Bint Chake:
Sikatai kwamba 2010 tulilala, na mimi nililala. Nasema baada ya kulala tulitakiwa tuamke tuendelee, tulikuwa na miaka mitano mizima serikali ya umoja imo madarakani, Waziri wa Sheria mwenyewe marehemu Abubakar Khamis Bakary alikuwa wa CUF, na hakuna alielileta lile faili tena. CCM hawakutaka, nao CUF wakaona wataharibu hali ya hewa. Wote walishapata ofisi.

Na huku chini hakuna kilichobadilika. Mtu akitaka kitambulisho anapita kwa sheha, sheha hachaguliwi na sisi, kateuliwa kutoka juu na ana chama chake, akikwambia sikujui basi hujulikani, huandikishwi, hupigi kura, na wewe umezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwake na mama zenu wamechota maji kisima kimoja. Wakubwa wanapeana mikono Ikulu, mimi na sheha wangu hatujawahi kuambiwa tukae tuzungumze. Kuzikana tunazikana siku hizi, hilo kweli limebadilika na ni kubwa.

Kada wa Rahaleo:
Bi dada kwa hilo la masheha sikupingi sana, hata huku mitaani kwetu kuna masheha wanaonea watu. Lakini masheha wapo kwa sheria, sio kwa maridhiano. Chama chenu kikiingia serikalini kipeleke muswada Barazani masheha wachaguliwe, si ndo faida ya kuwa ndani?

Bint Chake:
Wakili kashasema hapo juu shughuli za serikali Barazani zinaongozwa na Makamu wa Pili, na Makamu wa Pili ni wa kwenu. Sasa huo muswada utaupeleka wewe?