Ukutani achorwe nani: Joe Frazier au George Foreman?

KonaNyekundu
Wakuu, heshima zenu. Klabu yetu ya ngumi imepigwa plasta upya, mchoraji anaanza Jumamosi. Nafasi ipo ya bondia mmoja tu na tumegawanyika: Frazier au Foreman. Muhammad Ali hapana, yuko kila ukuta. Nani alikuwa mkubwa zaidi ulingoni?

MzeeWaRaundi15
Hujasema klabu ni ya nani. Watoto au mabondia wa kulipwa? Na mnapima kwa nini, mikanda au walivyokutana? Kama ni walivyokutana, hakuna mjadala. Kingston, Jamaica, Januari 1973, Frazier ni bingwa na hajawahi kupoteza, akaangushwa mara sita ndani ya raundi mbili. Waliporudiana 1976 akamalizwa raundi ya tano.

GlovuNyeusi
Mzee, shikamoo, lakini hapo sikubali. Frazier alipoteza mapambano manne tu maisha yake yote, mawili kwa Ali na mawili kwa Foreman. Machi 8, 1971, Madison Square Garden, yeye na Ali wote hawajapigwa na mtu, raundi ya 15 anamwangusha Ali kwa ngumi ya kushoto ya kuzungusha. Na mkono wenyewe haukuwa unanyooka! Aliuvunja utotoni huko South Carolina akikimbizwa na nguruwe, na nyumbani hakukuwa na hela ya daktari.

FundiWaKona
Naongea kama mtu aliyeumia. Kocha wangu wa kwanza alimhusudu Frazier kupita kiasi. Mrefu kwa mfupi, wote tulifundishwa kuinama, kuyumba na kuingia ndani. Mimi ni mrefu, mikono mirefu. Nikapangiwa kijana mfupi, na badala ya kumweka mbali kwa mkono wa kushoto nikawa nainama kumfuata kama nilivyofundishwa. Kila nikiinama, ngumi inatoka chini inanikuta kidevuni. Raundi ya pili damu ya pua inaingia mdomoni, kocha anapiga kelele "ingia, ingia!" Raundi ya tatu magoti yakagoma, refa akamaliza. Taya halikutafuna kitu, nikawa mtu wa uji. Vijana wataiga wanachokiona kila siku ukutani, fikirieni hilo kwanza.

DadaMkandaMweusi
Pole sana kaka, ila kosa hilo ni la kocha. Kura yangu ni Foreman. Dhahabu ya Olimpiki wote wanayo, Frazier Tokyo 1964, Foreman Mexico 1968. Lakini nani mwingine aliacha ngumi miaka kumi akahubiri injili, akarudi, akachukua ubingwa ana miaka 45? Novemba 1994 bingwa Michael Moorer alikuwa anaongoza kwa pointi, raundi ya 10 mkono wa kulia ukamlaza. Kwa jumla ana ushindi 76, 68 kwa KO, yaani mpinzani hakumaliza pambano.

GlovuNyeusi
Hesabu pia aliowapiga, dada. Wengi walikuwa wa kujazia rekodi.

KonaNyekundu
Samahani kwa kuchelewa. Ni watoto wa miaka 12 hadi 17, wasichana wamo, wengi uzito mwepesi.

MzeeWaRaundi15
Marahaba, Glovu. Foreman alisimamishwa mara moja tu, na Ali, Kinshasa 1974, na zile kamba za ulingo zilikuwa zimelegea.

FundiWaKona
Mzee, kamba hazikumpiga mtu. Foreman alirusha ngumi nzito raundi saba mfululizo kwenye joto lile, ya nane hana pumzi.

DadaMkandaMweusi
Na je, Manila 1975, Frazier akipigana na Ali, kocha wake Eddie Futch alifanya sawa kumzuia asitoke konani raundi ya 15? Macho yalishavimba, karibu haoni.

GlovuNyeusi
Hapana! Zilibaki dakika tatu na Ali naye alikuwa hoi. Angeachwa amalize.

FundiWaKona
Glovu, wewe umewahi kukaa konani na mtu asiyeona ngumi inakotoka? Mimi nimekaa. Futch alikuwa sahihi kabisa.